Sakawa: Nabii Asiye na Kaburi na Mungu wa Ziwani Asiye na Sura

Ukishuka matatu mjini Kisii, kitu cha kwanza kinachokupokea ni kelele. Makanga wanavutania begi lako, boda boda zinakukosakosa miguu, mama wa ndizi anakuita mwanangu ili ununue mkungu ambao hukupanga kununua. Sasa jaribu kuondoa yote hayo. Ondoa benki, ondoa stendi, ondoa hospitali ya rufaa na foleni yake. Baki na nyasi, vichaka na umande. Ndivyo palivyokuwa miaka zaidi ya 120 iliyopita, na simulizi za Abagusii zinasema kuna mzee aliyesimama katikati ya nyasi hizo, amezungukwa na vijana wa vita, akaanza kuonyesha kwa kidole. Aliwaonyesha mahali wagonjwa watakapolazwa. Akawaonyesha mahali watakapokaa walinzi wenye silaha, na mahali watakapokaa wakubwa wa kuamua mambo. Hapo hakukuwa na jengo hata moja. Mzungu wa kwanza kujenga hapo alikuwa bado hajafika.

Mzee huyo aliitwa Sakawa. Vitabu vya historia vinaandika hivyo. Nyumbani wengi husema Sakagwa, Sakagwa Ng'iti. Kama umelelewa Kisii au Nyamira, jina hili ulilisikia jikoni kabla hujalisikia darasani. Kama umelelewa Kayole au Umoja na ushago unaenda Desemba tu, kaa hapa dakika kumi nikupe stori yake. Nina sababu. Nakuandikia hasa wewe unayeandika hadithi za kutisha kwa simu usiku, ukiwa umejifunika blanketi ili mwanga usiamshe wenzako.

Nasoma sana kazi za vijana wenzangu, na naona ule mtindo wa hofu ya anga umetushika. Unaujua: hadithi ambazo adui si mchawi wala jini wala mwizi, ni kiumbe kikubwa kupita akili, mungu wa aina fulani ambaye hata hakuchukii. Hajui tu kama upo. Aliyeupa mtindo huo umaarufu ni Mmarekani H. P. Lovecraft, ambaye mwaka 1928 alichapisha katika jarida la Weird Tales hadithi ya mungu aliyelala chini ya Bahari ya Pasifiki, akingoja nyota zikae sawa aamke. Hadithi kali, sikatai, ingawa mwenyewe alikuwa mbaguzi wa rangi ambaye angetuweka mimi na wewe upande wa mazimwi. Shida ni kwamba tumemwiga mpaka minyiri ya pweza. Kijana wa Nyamira anaandika kuhusu mji wa mawe chini ya Pasifiki, na hapo nje ya dirisha lake kuna jabali la Manga. Halafu mungu wake ana macho mekundu, meno ya futi mbili na jina lenye herufi kumi na tatu zisizotamkika. Ukishampima meno, unaogopa nini tena?

Turudi kwa mzee.

Sakawa alizaliwa mnamo 1840 hivi, upande wa Nyakoe huko Kitutu, pale unapopita ukitoka Kisii kwenda Kisumu. Alikulia katika Ugusii usiokuwa na mji wowote. Watu walikaa kwa koo zao juu ya milima, vijana wakilala kwenye kambi za ng'ombe zilizoitwa ebisarate, mikuki karibu, wakiwaviziana na majirani. Mtoto akikataa kupona au ng'ombe wakifa bila sababu, watu walienda kwa abaragori, wapiga ramli, ambao wengi walikuwa wanawake. Omoragori alikuwa na kazi inayoeleweka kabisa. Unaleta shida, anakutajia aliyeisababisha, mara nyingi mzimu wa ukoo uliosahaulika, na anakwambia uchinje nini ili yaishe. Ni hofu, lakini ni hofu yenye risiti.

Sakawa hakuwa wa aina hiyo. Abagusii humwita omobani, nabii. Tofauti ni kwamba kwa omoragori wewe ndiye unayepeleka swali, lakini Sakawa aliwaletea watu jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Miaka yake ya utu uzima ilikuwa migumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilifagia ng'ombe karibu Afrika Mashariki nzima. Mnamo 1892 hivi Abagusii walipigana na Wakipsigis katika vita vya Saosao, karibu na mto Gucha, wakashinda kwa namna ambayo Wakipsigis hawajaisahau mpaka leo. Zipo simulizi zinazomweka Sakawa nyuma ya ushindi huo kama mshauri. Kwa hiyo mpige picha akiwa mzee wa miaka hamsini na kitu, anaheshimika, na vijana wa vita wanamsikiliza kwa sababu wana hakika hawashindwi na mtu.

Hao ndio aliowaita kwenye zile nyasi, mahali palipoitwa Getembe.

Aliwaambia, kwa mujibu wa simulizi, kwamba kuna watu weupe wanakuja. Kwamba wao, walioshinda Saosao, watanyang'anywa silaha. Simulizi nyingine zinaongeza kwamba wageni hao nao wangeondoka siku moja. Kisha akawaonyesha zile sehemu, moja baada ya nyingine. Hapa ndipo nataka utulie kidogo, kwa sababu kama unataka kujifunza kutengeneza kitu kisichojulikana, somo lote limelala hapa.

Angalia alichowapa. Hakuwachorea sura ya hao watu weupe, urefu wao wala macho yao. Hakuwaambia ni nani anayewatuma wala wanataka nini. Aliwapa viwanja. Ardhi tupu waliyoijua, waliyopitia wakipeleka mifugo majini, na ambayo jioni hiyo walilazimika kuipita tena kurudi nyumbani. Wewe kama ungekuwa mmoja wao ungepitaje? Unaona nyasi zilezile, ndege walewale, ila sasa unajua kwamba hapo unapokanyaga pana kitu tayari. Hakionekani, lakini kimeshapewa nafasi. Kuna nyumba ya wagonjwa, na wagonjwa wenyewe hawajazaliwa.

Mwandishi wa siku hizi angeanza na zimwi halafu atafute mahali pa kulisimamisha. Sakawa alianza na mahali. Zimwi akaliacha likajileta lenyewe.

Najua unachofikiria. Utasema simulizi hizi zilikusanywa kutoka kwa watu ambao tayari walikuwa wameiona hospitali na kituo cha polisi, na kila mtu akisimulia anasogeza kidole cha mzee mahali panapomfaa. Sawa kabisa. Nimeshamsikia mtu akiapa kwamba Sakawa alionyesha hata mahali pa duka fulani la simu. Mwanahistoria hapo anapata kazi ya kuchambua. Lakini wewe unayeandika, ona jinsi kidole hicho kinavyoendelea kukua kila mji unapokua. Mzee alisema machache, akaacha mapengo makubwa, na vizazi vinne vimekuwa vikiyajaza bila kulipwa.

Desemba 1901 reli ya Uganda ikafika Kisumu, ukingoni mwa ziwa. Leo ni kama saa mbili au tatu kwa matatu kutoka Kisii, kutegemea dereva na polisi wa barabarani. Mnamo 1902 hivi, wageni wakiwa mlangoni kabisa, Sakawa akatoweka.

Sikusema akafa. Nilichagua neno. Kwa Abagusii mtu akifa anazikwa kwake, hapo hapo bomani, na kaburi linakuwa kama hati ya shamba: huyu alikuwa wetu na pale alipo ni petu. Sakawa hana hilo. Wafuasi wake walishikilia kwamba mwili haukupatikana na kwamba angerudi. Ukimweka nabii huyu mwisho wenye jeneza, matanga na ng'ombe wa kuchinjwa, stori yake inaisha 1902. Kwa sababu hana kaburi, sehemu kubwa ya maisha yake inaanzia hapo.

Na ilianza haraka. Mwaka 1905 kikosi cha Waingereza kikapanda milima hii kikiwa na bunduki ya mtutu wa kumimina, na watu wenye mikuki na ngao za ngozi wakaanguka kwa makumi bila kumfikia adui. Mwaka 1907 kituo cha serikali kikajengwa Getembe, ofisa wake akiwa G. A. S. Northcote. Watu wakaanza kupaita Bosongo, kwa wazungu. Januari 1908 kijana Otenyo, akichochewa na nabii mwanamke Moraa, akamchoma Northcote mkuki. Northcote akapona, Otenyo akauawa, na adhabu iliyofuata ikawa ya vijiji kuchomwa na ng'ombe kutekwa. Baadaye kidogo hata ebisarate zikafutwa na silaha zikakusanywa. Kwa waliokuwa wamesimama kwenye nyasi siku ile, yote yalikuwa yakitimia kwa mpangilio. Kodi ya nyumba ikaja, machifu wakaja, misheni ya Wakatoliki ikafika Nyabururu na ya Waadventista ikafika Nyanchwa. Kilichobaki kwenye orodha ya mzee kilikuwa kimoja: wageni kuondoka.

Sasa shuka nami kwa muda hadi ziwani, maana kuna mungu anakuja.

Mwaka 1913, huko Alego, Siaya ya leo, mtu anayeitwa Onyango Dunde alisimulia kilichompata jioni moja akiwa peke yake nyumbani. Nyoka alitoka ziwani. Ukubwa wake ulikuwa hivi: akisimama kwa mkia ndani ya ziwa, kichwa chake kinafika mawinguni. Nyoka huyo alimmeza Onyango, kisha akamtapika akiwa mzima, bila jeraha, na akampa ujumbe wa kupeleka kwa watu. Alijitambulisha kuwa Mumbo, mungu mwenye makao mawili, moja kwenye jua na moja ziwani. Dini ya Kikristo alisema imeoza. Wazungu alisema watatoweka. Waliochaguliwa wasinyoe nywele, wasioge, wavae ngozi badala ya nguo za wageni, wachinje mifugo yao wale, na wasijisumbue kulima, kwa sababu Mumbo mwenyewe ataleta ng'ombe na mali kutoka majini.

Mwaka huo Lovecraft alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, ishirini na tatu, amejifungia nyumbani Providence. Mungu wake wa baharini alikuwa bado miaka 15 mbele.

Tumtazame Mumbo kama mafundi. Ziwa Victoria, mahali penye kina kirefu kabisa, ni kama mita 80 tu. Fanya hesabu na utaona kwamba nyoka wa kufika mawinguni hawezi kujificha humo. Na bado hakuna anayefanya hesabu hiyo akiwa anasikiliza. Unajua kwa nini? Kwa sababu simulizi haikupi muda wa kumtazama nyoka. Inakupeleka moja kwa moja tumboni mwake. Huoni rangi ya magamba wala umbo la jicho. Kipimo pekee ulichonacho ni mwili wa mtu mmoja wa kawaida uliopita humo ukatoka salama, jambo ambalo ni baya zaidi kuliko kutafunwa. Ukitafunwa, umekuwa chakula na umeeleweka. Onyango alitumiwa kama bahasha.

Halafu tazama masharti. Usioge, usinyoe, usilime. Hayajaelezwa. Kwa mbali yanaonekana wendawazimu mtupu. Lakini yaweke juu ya maisha ya mkulima wa 1913 uone. Kulima kulimaanisha kuuza, kuuza kulimaanisha rupia, na rupia ilikuwa ya kodi. Kunyoa, sabuni na nguo ndivyo vitu ambavyo misheni ilivitumia kumtambua mtu aliyebadilika. Kwa hiyo masharti yana sababu, ila mungu haisemi, na mfuasi anaihisi mwilini bila kuitamka. Hiyo ni kazi ngumu sana kuiandika. Wengi wetu tunampa mungu wetu masharti ya ajabu kwa ajili ya ajabu tu, msomaji anacheka.

Jambo la tatu, Mumbo hakuzuka hewani. Watu wa kando ya ziwa walishajua mapepo ya majini yanayompanda mtu akatetemeka. Walishajua stori ya Nyamgondho wa Gwassi, mvuvi aliyevua ajuza kutoka ziwani akapata utajiri wa ng'ombe, kisha akamtukana, na ng'ombe wote wakamfuata ajuza kurudi majini. Ndiyo maana Mumbo aliposema ataleta ng'ombe kutoka ziwani hakuna aliyeuliza ng'ombe wanakaaje chini ya maji. Mlango ulikuwa wazi tayari. Mungu mpya akapita na ukubwa wake mpya.

Kutoka Alego habari zilivuka hadi Kabondo, na kutoka Kabondo kupanda Ugusii ni hatua tu. Hapa ndipo ninaposhangaa. Abagusii si watu wa ziwa. Ni watu wa milima, ndizi na baridi. Ukisimama juu ya jabali la Manga siku isiyo na ukungu unaliona ziwa kule mbali, ukanda wa kung'aa tu. Mungu wao mkuu, Engoro, alikuwa mbali vilevile: muumba asiyesumbuliwa na mambo madogo, shughuli za kila siku zikiachiwa jua na mizimu ya ukoo. Neno engoro kwa Ekegusii ni shimo pia, na pale Manga kuna shimo linaloheshimiwa mpaka leo, Ngoro ya Mwaga. Sikwambii maneno hayo mawili yana shina moja. Waachie wataalamu wa lugha. Nakwambia tu kwamba kama ningekuwa natafuta mungu wa kutisha na nyumbani kwetu pana jabali lenye shimo ambalo wazee hulitaja kwa sauti ya chini, nisingekwenda Pasifiki.

Basi Mumbo alipofika milimani alihitaji mtu wa kumpokea, na aliyempokea ni mtu ambaye hakuwepo. Sakawa. Wafuasi wa Mumbo katika Ugusii waliunganisha nyoka wa ziwani na nabii wao aliyetoweka. Mmoja aliahidi wazungu wataondoka, mwingine alishaliahidi hilo kabla. Mmoja hana sura, mwingine hana kaburi.

Septemba 1914, vita vya Wazungu vikiwa na mwezi mmoja hivi, Wajerumani waliovuka mpaka kutoka upande wa Tanganyika ya baadaye walikuwa wameushika mji wa Kisii. Maofisa wa Kiingereza walikuwa wamekimbia. Wavute hao vijana wa zamani, sasa wazee, wanaosimama kilimani wanatazama Bosongo ikiwa haina bwana. Wageni wameondoka. Hata ningekuwa mimi ningeamini. Watu wakashuka wakapora ofisi za serikali, maduka na misheni. Waingereza wakarudi baada ya siku chache tu wakiwa na jeshi kutoka Kisumu, mapigano yakawa mjini, Wajerumani wakajiondoa, na waliopora wakalipa kwa damu na kwa ng'ombe.

Ungedhani imani ingefia hapo. Haikufa. Iliongezeka. Baada ya vita ikaja mafua yale ya dunia nzima ya 1918 na njaa nyuma yake, na Mumbo akapata watu zaidi. Mmoja wa wake za Sakawa, Bonairiri, akawa kiongozi wa waliomngoja mume wake arudi. Jiulize ilikuwaje kuwa mwanamke huyo. Wengine walimngoja nabii. Yeye alimngoja mtu ambaye alijua anavyokohoa asubuhi. Riwaya nzima iko hapo na sioni mtu akiigusa.

Serikali iliuona ujinga huu, kama ilivyouita, kuwa ujinga wa hatari. Mwaka 1921 viongozi kadhaa walikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Haikutosha, imani ilirudi tena miaka ya 1930, watu wakahamishwa tena, na bado mwaka 1954, Sakawa akiwa angekaribia miaka 115, Mumbo alikuwa kwenye orodha ya vikundi vilivyopigwa marufuku Kenya.

Wasomi walipokuja baadaye kumtazama Mumbo, kila mmoja aliona chake. Bethwell Ogot na William Ochieng' waliandika mwaka 1972 kwamba hii ilikuwa harakati ya kupinga ukoloni. Audrey Wipper, 1977, akaiweka miongoni mwa maasi ya watu wa mashambani. Wengine baadaye wakatazama ahadi za mali na ng'ombe, wakaona watu waliokuwa wakitafuta mlezi mpya baada ya wazee kushindwa. Wote wana hoja. Na ukiwasoma wote mfululizo, nyoka anabaki palepale majini, hajapungua hata inchi. Linganisha na kilichompata mungu wa Lovecraft. Lovecraft alipofariki mwaka 1937, rafiki yake August Derleth alichukua miungu ile akaipanga: huyu wa maji, yule wa upepo, hawa wema, wale wabaya. Alifanya kwa mapenzi, na bila yeye pengine vitabu vya Lovecraft vingepotea. Lakini ukisoma baada ya kupangwa, ni kama umeingia kwenye ofisi ya kaunti. Kila mungu ana dawati.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike haya.

Sisi watu wa Kisii tunajulikana nchi nzima kwa hofu ya aina nyingine. Mei 2008, umati ulichoma watu 11 katika vijiji vya Kisii wakituhumiwa uchawi. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na kuchomwa kwa tuhuma hiyohiyo. Huhitaji mimi nikueleze zaidi; video zilizunguka kwenye simu zetu, na najua baadhi yenu mliziangalia mpaka mwisho. Wale hawakuuawa na watu wasioogopa. Waliuawa na watu walioogopa kitu kisichojulikana, ugonjwa, mtoto aliyepatwa na jambo, bahati mbaya isiyoisha, na wakashindwa kukaa nacho bila kukipa sura. Sura iliyokuwa karibu ilikuwa ya jirani mwenye mvi na shamba.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, magokoro alinikalisha chini akaniuliza nani amenifanyia hivyo. Hakuuliza nini. Aliuliza nani. Nilicheka wakati ule. Siku hizi nikisoma hadithi za kutisha kutoka nyumbani, nyingi zinajibu swali hilohilo la magokoro, na jibu kila mara ni bibi kizee wa mwisho wa kijiji, macho mekundu, paka, chungu cha usiku. Tunaandika hivyo halafu tunaita ni burudani. Wapo wanaosoma na nyanya zao wako peke yao ushago.

Sakawa na Mumbo walikuwa hofu kubwa na, kwa waliowafuata, tumaini kubwa. Waliwagharimu watu ng'ombe, mashamba na uhuru wao, sitaki kuwapamba. Waliochinja mifugo yao wakingoja mingine kutoka majini walibaki na mifupa. Lakini katika ujumbe wa Mumbo kama ulivyohifadhiwa, hakuna aliyeambiwa akachome nyumba ya jirani. Kitu chenyewe kilikuwa kikubwa mno kukaa ndani ya ajuza mmoja wa Marani. Kilihitaji ziwa na jua. Ndiyo maana nakwambia, ukitaka kuandika mungu asiyejulikana, mwache asijulikane mpaka mwisho, hata wahusika wako wakilia wakitaka jina. Wakianza kutajiana majina ya majirani, waonyeshe wakikosea, na uonyeshe gharama.

Na usiende mbali kutafuta. Una jabali la Manga na shimo lake. Una mji uliojengwa juu ya kidole cha mzee, na wodi ambayo huenda ndimo ulimozaliwa. Una ukanda ule wa maji unaong'aa upande wa machweo. Una mwaka 1913, 1914 na 1921, yote yameandikwa, yanangoja.

Mimi nimechagua wale wa Lamu. Wafikirie: watu wa milimani, waliofungwa kwa sababu ya mungu wa majini, wanasafirishwa kwa treni na kwa meli ili watengwe naye, na serikali ikaenda kuwaweka kisiwani, mbele ya Bahari Hindi. Niko ukurasa wa nne. Usiku wa kwanza, mlinzi amelala, mmoja wao ameshuka ufukweni kuonja yale maji. Nyoka bado hajatokea.